Mkwe Aliyefumba Macho Mferejini

Mvua kubwa ya mwaka jana ilipoipiga Kolwezi na kubeba ukuta wa jirani yangu pamoja na choo chake, nilimpigia simu Mama Ngalula kule Mwene-Ditu, Kasai, kumpa habari. Ana zaidi ya miaka themanini sasa. Mtu mwingine angeuliza kama tuko wazima, kama nyumba ingali imesimama. Yeye aliuliza, "Mayi ilipitia wapi?" Nikamweleza kuwa maji yalipita barabarani, juu ya lami, kwa sababu mfereji ulikuwa umejaa chupa za plastiki. Akaanza kunigombeza utadhani mimi ndiye niliyekunywa soda zote zile.

Mimi ni Blandine, mwalimu mstaafu, na Mama Ngalula ni mama mkwe wa kaka yangu Stany. Wiki ile ya mvua vijana wa ofisi ya mji, wenye fulana za kung'aa na kompyuta mkononi, walikuja redioni kutuelimisha. Walisema hali ya hewa ya dunia inabadilika, kwamba hewa ikipata joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na kwamba mvua iliyokuwa ikigawanywa kwa wiki nzima sasa inaweza kumwagwa kwa saa mbili, juu ya mifereji iliyochimbwa kwa mvua za babu zetu. Nilicheka peke yangu jikoni. Habari za hewa na joto zilikuwa mpya kwangu, lakini hiyo ya mifereji niliisikia mwaka 1993, kutoka kwa mwanamke aliyevaa buti za marehemu baba yake, na hakuna redio iliyomwita.

Baba yake Mama Ngalula, mzee Kazadi, alitoka mkoa wa Kasai akiwa kijana, wakati migodi ilikuwa ikitafuta mikono, akawa fundi wa mifereji, au kanivo kama tunavyoiita, katika mtaa wa Musonoi, ule uliobanwa kati ya mashimo ya shaba na vilima vya udongo uliochimbwa. Hakujaliwa mtoto wa kiume, basi kazini alikwenda na Ngalula, binti aliyezaliwa hapahapa Kolwezi na ambaye hakuwahi kuiona Kasai hata kwa picha. Kila mwaka, baada ya mvua kubwa kuliko zote, mzee alishuka hadi kwenye mdomo wa bomba kubwa la saruji linalopita chini ya barabara, akachovya brashi katika lami, akachora mstari pale maji yalipofika. Alipokufa, Ngalula alizivaa buti zake, zikampwaya, akaendelea kuchora. Hakuna aliyemlipa wala kumtuma. Majirani walisema ana wazimu mdogo, naye alikubali, akasema ule mkubwa amewaachia wanaotupa takataka mferejini.

Mistari ya baba yake ilikaa karibu karibu, kidole juu ya kidole. Ya kwake ilipanda. Aliwahi kunishusha pale bombani siku ya jua ili anionyeshe, kwa fahari ya mtu anayeonyesha picha za wajukuu. Siku za mvua hazikuongezeka, aliniambia, pengine zilipungua. Lakini mvua yenyewe ilikuwa imepata haraka, ikawa inashusha kwa mchana mmoja kile ilichokuwa ikishusha kwa siku nne. Juzi kijana mmoja wa zile fulana aliniambia mistari ya lami si ushahidi wa kutosha, kwani mji nao umekua, na mabati na barabara humwaga maji kwa kasi kuliko majani. Sawa, simbishii. Nilimwuliza tu ofisi yao ina mistari mingapi ya miaka ile. Haina hata mmoja.

Na mvua aliipenda, ndiyo ajabu yake. Mawingu yakijikusanya upande wa machimbo, sisi tulikimbilia nguo kambani; yeye alivaa buti, akachukua mwavuli uliovunjika mbavu mbili, akatoka kwenda kutazama maji yakipita. Alitembea kando ya mfereji kutoka juu hadi chini, akisalimia kila mlango, akiuliza habari za watoto huku macho yake yakiwa mferejini. Aliyekuwa na tatizo la ndoa alimngojea apite, maana akiwa anatazama maji alikuwa msikivu sana na hakumwambia mtu.

Sisi tulihamia Musonoi mwaka 1991, mama yangu Fidélie na mimi, tukitokea Tenke, baada ya baba kufariki. Tulikuta kila kitu kinalegea. Mishahara ya migodini ilichelewa, kisha ikasahaulika. Gunia la unga ambalo wafanyakazi walizoea kupewa lilipungua, mwisho likakatwa kabisa. Wasafisha mifereji waliachishwa kazi. Hata salongo, ile kazi ya Jumamosi ambayo serikali ilimlazimisha kila mtu kufagia na kuzibua mbele ya nyumba yake, ilikufa yenyewe, na hakuna aliyeililia.

Mama yangu ni mtu wa kaskazini mwa Katanga, mkono wake ukigusa udongo unataka kupanda. Aliutazama mfereji mbele ya nyumba yetu: tope jeusi, lenye unyevu mwaka mzima, lililorutubishwa na kila kitu, na halina mwenyewe. Akapanda viazi vitamu. Majani yake, matembele, yalifunika kingo zote mbili kabla hata hatujamaliza kumcheka. Majirani wakaja kuomba mbegu. Msimu uliofuata mtaa mzima ulikuwa umepanda: huyu viazi, yule lengalenga, mwingine mahindi, na mzee mmoja wa juu akaweka miwa. Mfereji wa mita mia tatu ukawa shamba refu na jembamba, na sisi tukala. Siwezi kumcheka mama yangu zaidi ya hapo, kwa sababu shamba lile lilituondolea njaa mlangoni. Ila lilikuwa ndani ya mfereji.

Hapa lazima nieleze habari za ukwe. Kaka yangu Stany alibaki Tenke tulipohama, kwa kuwa alikuwa na kazi ya reli. Elise, binti wa Mama Ngalula, alikwenda Tenke kumsaidia shangazi yake, wakakutana kwenye kwaya ya parokia, na punde si punde wazee wa pande mbili wakawa wamekutana na zawadi ya kwanza ya mahari imetolewa. Tangu siku hiyo Mama Ngalula akawa buko wa Stany, yaani mkwe, na kwetu buko ni jambo zito. Mwanamume haruhusiwi kuuona uso wa mama mkwe, wala kula anapokula, wala kumshika mkono, hadi mtoto wa kwanza azaliwe naye alete mbuzi wa kuvunja ile haya.

Januari 1993 kazi ya reli ilikauka, Stany akaja kukaa kwetu, nyumba nne tu kutoka kwa Mama Ngalula, ambako Elise alikuwa amesharudi. Hakuwa amewahi kumwona hata mara moja, na sasa alipaswa kuishi naye mtaa mmoja bila kumwona. Nilicheka miezi miwili mfululizo. Kaka yangu, jitu la mita moja na sentimita themanini na tano, akisikia zile buti zinakuja aliruka ua wa jirani. Siku moja alijificha katika banda la kuku la watu, akatoka na manyoya kichwani. Mama Ngalula naye aligeuzia uso pembeni kwa heshima. Alisema anamjua kwa mgongo tu, na kwamba ni mgongo wa mtu mwenye adabu.

Sasa fikiria: mama wa mkwe huyohuyo ndiye aliyeanzisha viazi mferejini. Wakwe hawagombani. Mtu mwingine yeyote Mama Ngalula angemwambia maneno ya kutosha kumkosesha usingizi, lakini kwa mama yangu ilibidi anitume mimi. Nilipeleka salamu kwamba shamba ni zuri, na kwamba angependa katikati iachwe njia ya maji, upana wa mkono mmoja tu. Mama alijibu kwa adabu kubwa na fungu la matembele. Wiki iliyofuata nilipeleka salamu nyingine, nikarudi na matembele mengine. Mama Ngalula aliyapika, akayala, akasema buko wake ana masikio mabaya lakini mkono mzuri.

Kisha yakaja yale ninayoyaandika haraka kwa sababu bado yananikasirisha. Wanasiasa walisema mkoa wetu wa Katanga una wenyewe, na wenye asili ya Kasai warudi kwao. Watu waliozaliwa hapa, waliozika baba zao hapa, waliandikwa kwenye orodha na vijana waliocheza nao mpira. Walifukuzwa kazini, kisha majumbani, na maelfu walilala kwenye gare, stesheni yetu ya treni, chini ya maturubai, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka mahali ambapo wengi wao hawakupajua. Mulumba, mume wa Mama Ngalula, mtu mpole ambaye hakuwahi kumaliza sentensi, alikuwa ameshapoteza kazi yake ya karakana. Mwezi wa Machi kiongozi wa vijana wa mtaa alikuja kumwambia kuwa familia yao iko kwenye treni ya Jumapili.

Mama Ngalula alilia siku nzima, nilikuwapo. Kesho yake alinawa uso akasema jambo moja: Elise ataolewa Jumamosi. Harusi ilikuwa imepangwa Agosti, lakini padri alikubali, na mama yangu akakubali kabla hajamaliza kuulizwa. Elise angebaki kwetu na Stany, akiwa mke wa mtu wa Katanga. Wazazi wake wangeondoka siku ya pili yake. Mama Ngalula hakuomba kingine. Alitaka amwone binti yake akichezewa ngoma nyumbani kwao, katika ua alioufagia miaka yote, kabla ua huo haujachukuliwa na mtu mwingine.

Ijumaa tulimaliza kila kitu mapema. Ua ulifagiliwa mara mbili, nguzo zikasimamishwa, turubai likafungwa, mabenchi ya parokia yakapangwa. Mitungi ya munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, ilikuwa imepangwa ukutani. Ua huo ulikuwa wa chini kuliko nyua zote za mtaa, hatua chache tu kutoka kwenye mdomo wa bomba, na jambo hilo sisi wengine hatukulifikiria kabisa. Mama Ngalula alilifikiria. Saa nane mchana alisimama mlangoni akatazama upande wa machimbo, akaenda kuvaa buti bila kusema neno.

Saa tisa mvua ikashuka. Nimeona mvua nyingi, lakini ile haikuwa na matone, ilikuwa maji yaliyosimama. Katika nusu saa hatukuiona nyumba ya ng'ambo. Maji mekundu yalitelemka kutoka vilima vya udongo, yakaingia mferejini, yakakuta viazi, mahindi na miwa, yakasita, kisha yakatafuta njia nyingine. Njia hiyo ilikuwa ua wa Mama Ngalula. Benchi la kwanza liliondoka polepole, likielekea getini.

Basi Mama Ngalula akaja kwetu, mwenyewe, bila kunituma. Stany akarukia nje kwa dirisha la nyuma kwa kasi ambayo sijawahi kumwona nayo tena. Mama Ngalula alisimama mlangoni akichuruzika maji, akaongea na mama yangu kwa sauti ya chini.

"Mama Stany, mi naipenda bilazi yako, nimeikula. Lakini mayi haijue kama hii ni shamba. Kesho mutoto yetu anaolewa."

Mama yangu alichukua jembe nyuma ya mlango, akafunga kitenge chake kiunoni, akashuka mferejini na kuanza kung'oa viazi vyake mwenyewe, kile kitalu cha mbele alichokuwa akikitunza kwa ajili ya sherehe. Alilia huku anang'oa, sifichi. Alivitupa kingoni vikubwa kwa vidogo, na nyuma yake maji yakaanza kusogea. Mtaa mzima ulikuwa ukichungulia madirishani. Walipomwona Fidélie, mama wa viazi, anaharibu shamba lake, hakuna aliyebaki na udhuru. Wakatoka na majembe, mapanga, masufuria, na mzee wa miwa akatoka na kaptula.

Na tukaanza kufurahi, sijui hata ilianzaje. Labda pale viazi vilipoanza kuelea na kutelemka na maji, na watu wa chini wakawa wanavidaka, na wa juu wakawa wanapiga kelele kwamba vile vyekundu ni vyao. Mwanamke mmoja alidaka kiazi kikubwa kama kichwa cha mtoto, akakataa kukirudisha, akasema Mungu amemtumia kwa posta. Tulikuwa tumelowa hadi mifupa, tope puani, na miezi ilikuwa imepita tangu mtaa ule ucheke pamoja.

Mama Ngalula hakucheka. Alikuwa chini kabisa, kwenye mdomo wa bomba, maji yakimfika kiunoni, anavuta mabua na mizizi iliyofunga njia. Wanaume wawili walimsaidia kutoka upande wa pili. Alivuta mara ya tatu, kizuizi kikaachia ghafla, na maji yote yakaingia bombani kwa mkupuo mmoja. Yalimkata miguu. Alishika ukingo wa saruji kwa mkono mmoja, na buti moja ya mzee Kazadi ikaondoka ikapita bombani kwenda zake.

Upande wake, aliyekuwa karibu kuliko wote alikuwa Stany. Alikuwa akichimba akiwa amempa mgongo, kama desturi inavyotaka. Akasikia tunapiga kelele, akajua ni nani. Nilimwona akigeuka, na wakati huohuo nikamwona akifumba macho, akayakaza kama mtoto anayemezeshwa dawa. Akanyoosha jembe, mpini mbele, akitafuta hewani.

"Kushoto," nikamwambia. "Chini. Hapana, kushoto yako."

Mpini ukampiga Mama Ngalula begani, akaushika. Stany akaanza kuvuta huku anarudi nyuma, macho kayafumba, miguu ikiteleza, akielekea moja kwa moja kwenye rundo la mahindi.

"Fungua macho, Stany," Mama Ngalula akamwambia, sauti yake ikitoka katikati ya maji. "Utatuua wote wawili."

"Mama, siwezi. Uko buko yangu."

Alimvuta hadi nchi kavu, akaanguka chali juu ya mahindi, na hata hapo alifunika uso kwa mikono miwili. Nilikuwa nalia kwa hofu na nacheka kwa pamoja, na sikuwa peke yangu. Mzee wa miwa alilazimika kukaa chini. Mama Ngalula alisimama, mguu mmoja una buti na mwingine hauna, akageuza uso wake pembeni kwa adabu, akamshukuru mkwewe huku amempa mgongo.

Lakini macho yake yalikuwa yameshakwenda kwenye mistari ya lami ukutani mwa bomba. Bomba lilikuwa wazi kabisa, linameza maji kadiri ya koo lake, na bado maji yalikuwa viganja viwili juu ya mstari wa juu kabisa aliowahi kuchora. Mvua haikuwa imepungua hata kidogo. Alitutazama sote tukishangilia, akasema kwa sauti ya chini kwamba kosa si viazi peke yake. Hata mfereji ungekuwa safi kama sahani, baba yake aliujenga kwa mvua ndogo kuliko hii. Maji haya yalihitaji mahali pa kukaa na kungoja zamu yao.

Mahali hapo alipajua, alikuwa amepatazama miaka mingi. Ng'ambo ya mfereji, juu kidogo ya ua wake, palikuwa na uwanja wa mpira, umechimbwa chini kidogo kuliko barabara na kuzungushiwa tuta la udongo. Alitaka tuta likatwe, maji yaingie uwanjani. Hapo vijana wa timu, waliokuwa wamechimba mfereji mzima bila kunung'unika, wakakataa kwa mara ya kwanza. Jumapili kulikuwa na mechi. Mabishano yale yalichukua dakika tano, na naamini ni katika dakika hizo tano mitungi miwili ya munkoyo ilipinduka. Mwishowe golikipa wao ndiye aliyepiga jembe la kwanza, akieleza kwamba kwa vyovyote wangefungwa.

Maji yaligeuka. Yaliingia uwanjani yakitandaza povu, yakafika kwenye goli la kwanza, yakafika kwenye goli la pili, na kufikia saa kumi na moja uwanja ulikuwa ziwa dogo jekundu lenye milingoti minne. Katika ua wa Mama Ngalula maji yalishuka kutoka magotini hadi vifundoni, kisha yakawa tope, na tope kwetu si jambo geni.

Jumamosi jua lilitoka utadhani halikuambiwa lolote. Elise aliolewa parokiani asubuhi, akarudi mtaani akiwa ameshika viatu vyake vyeupe mkononi, maana hakuna kiatu ambacho kingeuweza ule ua. Sote tulicheza pekupeku. Tulikuwa na hofu ya chakula, kwa kuwa siku zile hakuna aliyeweza kulisha watu mia, lakini milima ya viazi ilikuwa imelala kando ya mfereji na hakuna tena aliyejua kipi ni cha nani. Vikachemshwa vyote. Mama yangu alisimama kwenye moto tangu alfajiri, akigawa kwa mikono miwili, na kila aliyesifu utamu alimwambia kwamba ni mbegu ya Tenke. Stany alikula nyuma ya nyumba, peke yake, kama bwana harusi mwenye adabu, nami nikampelekea sahani tatu. Mama Ngalula alicheza hadi kitambaa chake cha kichwa kikaanguka. Alimshika Elise mikono yote miwili, wakazunguka katika tope lile, na uso wake ulikuwa na furaha tupu, sikuona kitu kingine ndani yake. Alikuwa amepata siku yake.

Yule kiongozi wa vijana alikuja pia. Alikula viazi vitatu, nilimwangalia. Kisha akamwita Mama Ngalula pembeni, mimi nikiwa na sinia mkononi, akamwambia kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, "Mama, batu banasema unaweza kubakia. Weye unajua makanivo."

Mama Ngalula alijifuta jasho. "Dada yangu analala ku gare na batoto," alisema. "Yeye hajue kanivo. Ataenda sababu ya ile?"

Yule mtu akanyoosha mkono kwenye sinia langu, akachukua kiazi cha nne. Nilitaka kummwagia sinia. Mtu asilazimike kuzibua mfereji ili aachwe akae katika nyumba yake. Mama Ngalula alirudi kucheza, na kabla giza halijaingia alinichukua mimi na mama yangu hadi bombani, akachora mstari mpya wa lami, kisha akampa mama brashi na kumwonyesha jinsi ya kuishika. Mama aliitunza miaka ishirini na mmoja.

Jumapili asubuhi tuliwasindikiza. Mulumba alibeba cherehani, mimi nikabeba masufuria, na Stany alibeba godoro na masanduku mawili, akitangulia mbele hatua hamsini ili asije akamwona mama mkwe kwa bahati mbaya. Kwenye gare watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona, maturubai yamelowa kwa mvua ya Ijumaa, watoto wanakohoa. Treni ilikuwa tayari relini, mabehewa ya mizigo yenye milango wazi. Dada yake Mama Ngalula alikuwa ameshawashikia nafasi.

Stany aliweka mizigo ndani, akashuka, akasimama pembeni akitazama ukuta. Elise alikuwa amemng'ang'ania mama yake. Mama Ngalula alijitoa polepole, akaenda hadi nyuma ya kaka yangu, akasimama karibu kuliko buko yeyote anavyoruhusiwa kusimama.

"Stany, geuka."

Mabega yake yalishtuka. "Mama, mutoto hayazaliwa bado," alisema akiuangalia ukuta. "Na mbuzi sina."

"Mutoto akizaliwa, mi nitakuwa mbali. Mbuzi njo ile ulifanya mu kanivo." Alingoja kidogo. "Geuka uniangalie muzuri. Siku utashuka ku gare ya Mwene-Ditu na mujukulu yangu, utanijua na nini?"

Kaka yangu aligeuka. Kwanza aliangalia miguu yake, kisha kitenge chake, kisha akainua macho. Mama Ngalula naye alimkagua kutoka paji la uso hadi kidevu, bila haraka, watu wakiwasukuma huku na huku.

"Kumbe uko na sura ya muzuri," alisema. "Nilikuwa naogopa."

Mulumba akacheka, na hata Elise, aliyekuwa akilia tangu alfajiri, akacheka. Stany hakucheka. Alikuwa anajifunza uso wa mama mkwe wake, na tayari watu wa behewa lile walikuwa wanaitwa.